Mbrazili aliyeigiza binti wa Kalasinga: tulishikwa wapi?

Msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Juzi tulikuwa tunaangalia Love Aaj Kal ya 2009, ile ya Saif Ali Khan na Deepika, sa shemeji yangu akasema yule binti wa enzi za zamani, Harleen, anayependwa na Kalasinga kijana, sio Mhindi hata kidogo, ni Mbrazili, na hiyo ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza. Nikabisha mpaka tukawekeana dau. Nikagugo, nimeliwa. Mwalimu, mtu katoka Brazili huko, muvi hajawahi kucheza, anawezaje kutulaghai sisi tuliokua na picha za Kihindi toka tunavaa kaptula? Ni kipaji, au ni sauti ya mtu mwingine na ujanja wa kamera? Nauliza pia kwasababu mdogo wangu wa kike anataka sana kuigiza nje na Kihindi hajui hata neno."

Marahaba ndugu yangu. Kwanza lipa dau la watu, usizunguke. Na usijione mshamba, kwani hata huko India kwenyewe watu kibao walitoka kwenye sinema wakiulizana huyu binti wa Kipunjabi katoka familia gani, ndo baadae wanasikia anaitwa Giselli Monteiro, modo kutoka Brazili.

Sasa swali lako. Mi nafundisha uigizaji na kazi ya kuingiza sauti naijua kwa ndani kidogo, kwahiyo nitakujibu kama fundi na sio kama shabiki. Kipaji kipo, kamera ipo, sauti nayo tutaifikia, ila ukiniuliza nini hasa kilichobeba mzigo nitakwambia ni aina ya role aliyopewa. Harleen kazi yake kubwa kwenye ile picha ni kuangalia na kusikiliza. Mistari ya kuongea anayo michache mno. Na kuangalia na kusikiliza ndo kitu ambacho mgeni asiyejua lugha anaweza kukifanya sawa na mwenyeji, saa nyingine hata kumzidi, nitakwambia kwanini.

Tuikumbushe kidogo stori kwa ambao hawajaiona. Kuna mzee wa Kalasinga anaitwa Veer, kaigiza marehemu Rishi Kapoor, anamsimulia kijana wa kisasa mapenzi yake ya ujana miaka ya 60. Kijana anayesimuliwa ni Saif, na kwenye masimulizi Veer wa ujanani nae ni Saif huyohuyo, kapigwa kilemba na ndevu. Veer anamuona Harleen Delhi, anaapa kwamba huyu ndo mke, halafu familia ya binti inahamia Kolkata, na jamaa anapanda treni kutoka Delhi mpaka Kolkata, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, kwenda kumuona tu. Kumuona, basi. Enzi hizo huwezi kumkaribia binti wa watu hivihivi, ndugu wamejaa kila kona, kwahiyo mapenzi yao karibu yote yanapita kwa macho na kwa mbali.

Hapo ndo dairekta Imtiaz Ali alipocheza kama mtu anayejua anachofanya. Angalia, hii sehemu ya picha ni kumbukumbu ya mzee. Msimulizi ni Veer, sauti unayoisikia ikielezea ni ya Rishi Kapoor, uso unaoonyesha mapenzi ni wa Saif. Yaani kabla Harleen hajafanya chochote wewe mtazamaji ushaambiwa na watu wawili wazito kwamba huyu ni Mpunjabi, ni mzuri, ni wa kufa nae. Na mtu anayekumbukwa na mzee aliyempenda haitaji kuongea sana. We mwenyewe jaribu kumkumbuka mtu uliyempenda shuleni, utamkumbuka alivyogeuka dirishani au alivyokuwa anatembea, maneno yake utakumbuka mawili matatu. Kwahiyo ule ukimya wake kwenye picha haukukaa kama kasoro iliyofichwa, ulikaa kama kitu cha stori yenyewe. Ungeweka muigizaji mzoefu wa Mumbai mwenye maneno mengi pale ningekuambia wamekosea.

Kuna jaribio la zamani la Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alichukua picha ya muigizaji katulia tu, uso hauna kitu, akaiunganisha na bakuli la supu, halafu uso uleule na jeneza la mtoto, halafu uso uleule na mwanamke. Watazamaji wakasifia, aah jamaa anajua kuigiza njaa, anajua kuigiza msiba, anajua kuigiza tamaa! Kumbe uso ni mmoja. Wanaofanya editingi wote wanalijua hili. Sa ukimuonyesha Saif anatweta kituoni halafu ukakata kwenye uso wa Harleen, nusu ya hisia unaimalizia wewe uliyekaa kwenye kochi.

Lakini usije ukasema basi ni kamera tu, maana nimeona mabinti wengi wamepewa kloz-apu kama zile na wakaziua. Hapa ndo naomba ufanye kitu. Rudia zile sehemu za zamani ukiwa umezima sauti kabisa. Muangalie yeye tu. Angalia macho yanakwenda wapi na yanakwenda LINI. Muigizaji mbovu anajua line ya mwenzie inaisha wapi, kwahiyo uso wake unabadilika mapema kidogo, au anasubiri jamaa amalize ndo aanze kubadilika kama taa imewashwa. Mtu anayesikiliza kweli anabadilika katikati ya sentensi ya mwenzie, pale pale neno linapomgusa, afu anajaribu kuficha. Harleen anaficha. Unamuona kabisa anajizuia asitabasamu mbele ya watu. Kile kitu hakifundishiki kwa wiki moja na hakiingizwi na fundi wa sauti, ni chake.

Na nguo. Watu wanadharau nguo. Harleen muda mwingi yuko na salwar kamizi na dupatta, ule mtandio mrefu. Sa mtu aliyekua nayo haiangalii dupatta. Ikiteleza mkono unakwenda wenyewe unairudisha huku mdomo unaendelea na stori na macho yako kwa mtu mwingine. Binti wa Pwani na ushungi wake ni hivyohivyo, hajui hata kama ameugusa, ila mpe mgeni ushungi uone, kila baada ya muda anajishika kichwa na uso unamwambia kila mtu "naogopa utadondoka". Ukitaka kujifunza jicho hili na uko njia ya Nairobi–Mombasa, simama Makindu kwenye lile gurudwara, yaani hekalu la Makalasinga, ambalo msafiri yeyote anakula bure, kaa kwa adabu, funika kichwa maana ndo utaratibu wao, halafu tazama akina mama wanavyogawa chapati na dengu huku dupatta inarudishwa begani bila wao kuitazama hata mara moja. Kisha rudi kwenye muvi. Binti wa Brazili dupatta haimshindi. Kwa mtu ambaye hajakua nayo, hiyo ni kazi, mtu amekaa nayo na kuizoea mpaka ikaacha kuwa vazi la kuigizia.

Halafu kuna kitu kingine watu hawakisemi. Wewe umeshtuka kwamba Harleen sio Mpunjabi, mbona hujashtuka kwamba Saif sio Kalasinga? Saif ni Muislamu wa familia ya Pataudi, baba yake alikuwa kapteni wa kriketi wa India, mama yake Sharmila Tagore ni Mbengali. Kile kilemba na ndevu ni maigizo vilevile kama dupatta ya yule dada. Tofauti ni kwamba Saif tunamjua, tumempa ruhusa ya kudanganya toka zamani. Mgeni hatumjui kwahiyo tukimuona mara ya kwanza tunamchukulia alivyo. Huu ndo upendeleo mkubwa wa sura mpya na madairekta wanautumia sana: huna picha nyingine ya huyo mtu kichwani, huna skendo, huna tangazo la sabuni, kwahiyo Harleen ni Harleen. Ongeza na sura yenyewe, Wabrazili wamechanganyika damu za kila aina, nywele nyeusi na macho meusi viko tele, hapo kasting ilikuwa imeshafanya nusu ya safari. Na mwisho wa picha wakamgongea muhuri kabisa, Harleen wa uzeeni akatokea kuwa Neetu Singh, ambae ni mke wa kweli wa Rishi Kapoor na katoka familia ya Kalasinga. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe, anasema ehee, ndo yule. Ujanja mzuri sana ule, na mi naona wengi hawajaupa heshima yake.

Sasa tuje kwenye sauti, maana naona ndo imekuuma, unahisi kama umeibiwa.

Ndugu yangu, kwenye picha za Kihindi kuazima sauti sio wizi, ni utamaduni wa kazi. Nyimbo tunazijua, hakuna anayelalamika. Lata Mangeshkar ameimba kwa niaba ya Madhubala mwaka 1949 na akaimba kwa niaba ya Preity Zinta mwaka 2004, sauti ileile inatoka kwenye midomo ya vizazi tofauti na watu walilia vilevile. Kwenye maongezi nako ni hivyohivyo. Sridevi, tunayemuita malkia, kwao ni Tamil Nadu, Kihindi kilikuwa kinampa tabu, miaka mingi sauti yake ilikuwa ya watu wengine na alianza kusikika mwenyewe kwenye Chandni ya 1989. Deepika huyohuyo uliyemuona kwenye Love Aaj Kal, muvi yake ya kwanza ya Kihindi Om Shanti Om, 2007, sauti sio yake, ni ya Mona Ghosh Shetty, na Deepika ni Mhindi kakulia Bangalore. Kwahiyo tuseme hata kila neno la Harleen lingetoka kwa mtu mwingine, bado ungekuwa hujatapeliwa zaidi ya ulivyotapeliwa na Sridevi.

Na sisi Waswahili ndo kabisa hatuna haki ya kulalamika! Wangapi tumezijua picha za Kihindi kwenye kibanda umiza, sauti ya Lufufu au DJ Afro iko juu, anamuita staringi majina yake mwenyewe, anaongeza na vichekesho ambavyo havimo, na bado mama mmoja pembeni analia machozi kwasababu anaona uso. Maneno tulikuwa tunapewa na mtu wa Dar au Nairobi, uigizaji tulikuwa tunaupokea moja kwa moja kutoka Mumbai. Hilo ni somo kubwa la uigizaji, tulilipata bila kujua tuko darasani.

Ila sauti ya kuazima ina bei yake, na hapa nina mfano ambao ni kama Mungu ametuwekea tulinganishe. Dairekta ni huyohuyo Imtiaz Ali. Miaka miwili baadae, 2011, katoa Rockstar, na kachukua tena mgeni ambae ndo kwanza anaanza, Nargis Fakhri, Mmarekani wa New York, baba Mpakistani mama Mcheki. Akampa role ya Heer, binti wa Kikashmiri. Lakini safari hii binti ni muongeaji, mtundu, anataka kujaribu vitu vya kihuni kabla hajaolewa, baadae anaumwa, analia, anagombana na Ranbir Kapoor ambae pale alikuwa amepagawa kabisa. Sauti ikaingizwa na yuleyule Mona Ghosh Shetty. Nyimbo za A. R. Rahman watu wanazisikiliza mpaka leo, Ranbir alipata sifa za kumwaga, ila Nargis alisemwa vibaya na wachambuzi wengi.

Kwanini mmoja akubalike na mwingine achambuliwe? Wengi watakwambia Giselli ana kipaji Nargis hana. Mi sikubaliani. Miaka miwili baadae, 2013, Nargis huyohuyo kwenye Madras Cafe ya Shoojit Sircar kaigiza mwandishi wa habari wa vita, akaongea Kingereza kwa sauti yake mwenyewe huku John Abraham anamjibu kwa Kihindi, na akakaa vizuri kabisa, huoni tatizo. Mtu hawezi kukosa kipaji 2011 akakiokota 2013. Kilichobadilika ni kwamba kwanza alipewa lugha ambayo mdomo wake hauna, halafu akarudishiwa yake.

Nikueleze kinachotokea ndani maana hii ndo sehemu watu wa nje hawaioni. Mgeni asiyejua Kihindi anaandikiwa mistari kwa herufi za kawaida hizi zetu, anaikariri kama wimbo. Kihindi kina sauti ambazo pumzi inatoka na herufi, kha, gha, tha, dha, bha, na kuna zingine ulimi unakunjwa nyuma, na ukikosea kidogo neno linakuwa jingine. Sa huyu mtu akiwa mbele ya kamera akili yake iko wapi? Iko kwenye silabi inayofuata. Mwangalie macho, yanasoma. Yanakuwa yamefunguka ila hayamuoni mwenzie, ni kama mtu anayesoma tangazo kwa mbali. Mwili nao unasubiri mdomo. Ishara ya mkono inakuja baada ya neno, wakati kwa binadamu wa kawaida mkono unatangulia kidogo au unakuja pamoja na neno. Hapo mtazamaji hajui kasoro ni nini ila anasema tu "huyu dada haniingii".

Afu ndo anakuja mtu wa sauti. Chumba kidogo, kipaza sauti, hedifoni, skrini mbele yako, kipande cha sekunde chache kinazunguka kinarudi kinazunguka kinarudi. Unawinda midomo inapofunga, maana kwenye b, p na m midomo lazima ikutane na hapo huwezi kudanganya, ukipishana kidogo tu mtazamaji anajua. Mtu wa sauti mzuri kama Mona atapatia midomo yote. Lakini pumzi hapatii, kwasababu pumzi inaanza kifuani kabla ya neno, mabega yananyanyuka kidogo, shingo inakaza, na yule aliyeko kwenye picha alivuta pumzi ya mtu anayekariri wakati mtu wa sauti anavuta pumzi ya mtu mwenye hasira. Pumzi mbili kwenye mwili mmoja. Kwenye mstari mmoja au miwili haionekani. Kwenye masaa mawili na nusu ya mapenzi, kilio na ugonjwa, inaonekana, na ndo kilichomponza Nargis. Giselli hakuwa na masaa hayo, alikuwa na macho na mistari ya kuhesabika. Alipokuja kupewa muvi nyingine kubwa 2011, Always Kabhi Kabhi, ya wanafunzi wa shule wenye maneno kama redio, haikufanya vizuri na wachache sana wanaikumbuka. Mtu yuleyule.

Ukitaka kuona pumzi ikikaa sawa bila lugha, huna haja ya kwenda mbali, mtazame Kili Paul, kijana wetu wa Kimaasai. Ile nyimbo ya Kihindi, Raataan Lambiyan, aliyoifungulia midomo yeye na dada yake ndo iliwapeleka mpaka Wahindi wakachanganyikiwa, 2022 ubalozi wa India hapa Tanzania ukamualika na kumtunuku na waziri mkuu Modi akawataja kwenye kipindi chake cha redio. Wengi wanadhani ni rubega na mandhari. Rubega imesaidia ndio. Ila angalia kifua na shingo kabla ya kila mstari, anavuta pumzi pale muimbaji anapovuta, na sura inaanza kubadilika kabla neno halijafika. Ndo maana inaingia. Kuna maelfu wanafungua midomo kwenye nyimbo hizohizo na hatuwakumbuki.

Sasa kabla sijafika kwa mdogo wako, kuna kitu cha kutenganisha, maana watu wanachanganya. Mgeni anayeigiza mgeni na mgeni anayeigiza mwenyeji ni kazi mbili tofauti. Kwenye Lagaan ya 2001 Paul Blackthorne na Rachel Shelley walikuja kutoka Uingereza wakajifunza mistari ya Kihindi, na kile Kihindi chao cha kukwaruza kilikuwa ndicho kinachotakiwa, maana ni wakoloni. Alice Patten kwenye Rang De Basanti ya 2006 vilevile, ni Muingereza anaigiza Muingereza aliyejifunza Kihindi, akikosea matamshi ndo kwanza anapendeza. Pale lafudhi ni mali. Kazi ya Harleen ni ile ya pili, ngumu zaidi, ambapo ukijulikana tu picha imeharibika.

Na katikati kuna moja ambayo nakuomba uitafute ukaiangalie na huyo mdogo wako. Inaitwa Sudani from Nigeria, ya 2018, ya kule Kerala kwa lugha ya Kimalayalam, dairekta Zakariya Mohammed. Staringi ni Mnaijeria kweli, Samuel Abiola Robinson, kwao alikuwa ameshaigiza ila India ndo mara ya kwanza. Anaigiza mchezaji wa mpira wa miguu aliyekodiwa kwenye ligi za mtaani za wachezaji saba saba kule Malappuram, ambako Mwafrika yeyote anaitwa Msudani hata awe wa wapi. Anaumia, meneja wake hana hela ya kumlaza hospitali kwa muda mrefu, anamchukua anampeleka nyumbani kwao. Sasa mle ndani kuna mama wa meneja na jirani yake, wazee wawili wa Kiislamu, Kingereza hawana, na yeye Kimalayalam hana. Wanamuuguza hivyohivyo. Wanamuongelesha kwa Kimalayalam mwanzo mwisho kama vile anaelewa, yeye kalala pale anawaangalia, anajaribu kukisia, saa nyingine anapatia saa nyingine anajibu kitu hakihusiani. Ile sio rahisi hata kidogo! Ni kusikiliza kitupu, na humu hata stori yenyewe inakiri kwamba lugha haipo. Mama mmoja kati ya wale, Savithri Sreedharan, alitajwa kwenye tuzo za taifa za India na muvi yenyewe ikabeba tuzo ya muvi bora ya Kimalayalam. Mi nikifundisha huwa nawaambia wanafunzi waangalie mikono ya wale kina mama na macho ya Samuel, subtaitol waziache.

Haya, mdogo wako.

Kutojua Kihindi sio mwisho wa dunia, ila asianze kwa kukariri mistari ya Kihindi kutoka YouTube kama wanavyofanya wengi, maana atajifundisha yale macho ya kusoma na kuyaondoa baadae ni kazi. Aanze na kusikiliza. Achukue mtu anayeongea lugha asiyoijua, kama mna jirani Mgogo au Mmakonde na nyie hamjui lugha yao basi ndo huyohuyo, amuombe amsimulie jambo la kweli lililomtokea, dakika chache tu, na yeye ajirekodi kwa simu akiwa anasikiliza. Asitikise kichwa ovyo, asiigize "naelewa", atafute kwenye uso wa msimuliaji ni wapi inauma na ni wapi inachekesha. Halafu arudie hiyo video bila sauti na ajiulize kama anaonekana yupo pale. Mara za kwanza ataonekana anasubiri zamu yake ya kuongea, wote tunaanza hivyo, aendelee.

Mistari ikija, akariri ya mwenzie kabla ya ya kwake, na ajue kila neno lina maana gani, neno kwa neno, sio sentensi kwa ujumla, kwasababu mwili unajibu neno. Kingine, atafute kazi ya kuingiza sauti hapahapa nyumbani. Toka TBC ilipoonyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili mwaka 2011, na sasa hivi za Kituruki ndo zimejaa, kazi hii ipo Dar na inafundisha pumzi kuliko darasa lolote ninalolijua mimi, likiwemo langu.

Akitafuta role za nje atafute kwanza za mgeni anayeigiza mgeni, zinasamehe lafudhi. Mtu akimwambia atume hela ya usaili au ya "kumuunganisha na Bollywood", huyo ni tapeli, watu wa kasting wa kweli hawamlipishi muigizaji. Na akipata kazi yenyewe asome mkataba, amuonyeshe na mwanasheria. Huyo Samuel wa Sudani from Nigeria baada ya muvi kutoka alilalamika hadharani kuhusu malipo na baadae wakamalizana, lakini mdogo wako asifike huko, kila kitu kiwe kwenye karatasi kabla hajapanda ndege: hela kiasi gani, zinalipwa lini, anaishi wapi, nani anamlipia viza, na aulize mapema kabisa sauti itakuwa ya nani, yake au ya mtu mwingine, maana hilo litamwambia hata ajiandae vipi.